Kipato cha Mwezi

Fomu ina kurasa nne, mimi nina kalamu mbili,
moja ikikauka naipulizia pumzi.
Meza yangu iko nje ya ofisi ya mtaa, Kirumba,
imepandishwa juu ya matofali, maana ziwa bado liko sokoni,
limelala Mwaloni juu ya vichanja vya dagaa
kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani.
Mia tano kwa fomu. Asiye na mia tano, tutaonana.

Serikali imesema waliojiajiri watapewa cha kujikimu,
miezi mitatu, kwa simu.
Tangazo liko mlangoni, kona moja imeshaliwa na mbuzi.

Swali la sita: kipato chako cha mwezi.
Lugembe, mwenye mtumbwi na taa sita, ananiuliza:
mwezi upi?
Huu wa karatasi, au ule wa juu?
Maana ule wa juu ukiwaka, dagaa hawaifuati taa,
tunalala, tunashona nyavu, tunakopa.
Ukipotea, giza likawa giza kweli,
ndoo mia, ndoo mia na hamsini,
na usiku mwingine tunarudi na taa zetu tu.
Andika hivyo hivyo.
Kisanduku kina urefu wa kidole changu.
Naandika: laki mbili na nusu.
Ananitazama kama nimeuza shamba la baba yake.

Swali la saba: jina la mwajiri.
Nyanzobe, mkaanga mapanki, hakufikiri hata kidogo.
Andika Nyanzobe.
Si mmesema nimejiajiri? Basi bosi ni mimi.
Na andika kwamba bosi amenisimamisha kazi
tangu maji yazime jiko,
na mshahara wa mwisho hajanilipa, mwanamke yule.
Foleni nzima ilicheka. Yeye hakucheka.

Ambatisha uthibitisho wa mapato.
Mmoja alileta daftari la madeni, linanuka dagaa:
huyu ndoo mbili, huyu nusu,
huyu amefariki, mruke.
Kulwa mbeba mizigo hakuleta karatasi.
Alivua shati, akanigeuzia bega,
sugu yake ngumu kama kisigino.
Nikamwambia, kaka, bega halitoi kopi.
Akavaa shati polepole,
akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni.

Ng'wigulu alirudishwa mara tatu.
Kijana wa ndani alisema mfumo haukipokei
kile kimkia kinachokaa baada ya g.
Nikakifuta. Nikamwandika Ngwigulu.
Mfumo ukajibu: huyu siye yule wa kitambulisho.
Bibi yake alimpa jina lile kwa mate na maziwa,
sasa amesimama mbele ya meza yangu
ana majina mawili, na hakuna hata moja linalolipwa.

Ijumaa simu zikaanza kulia, moja huku, moja kule,
elfu sitini, elfu sitini.
Mtu akisikia ya jirani anaitoa yake mfukoni,
anaitazama, anairudisha.
Nyanzobe alinunua mafuta na kuni,
akateka jiko juu ya ngazi za benki iliyofungwa.
Alinipa panki moja kwenye gazeti. La bosi, alisema.

Dirisha linafungwa saa kumi na mbili.
Imebaki fomu moja, ukingo umelowa.
Jina: Holo Mashauri.
Kazi: nimeandika kuandika, nikakata,
nikaandika tena kuandika.
Kipato cha mwezi.
Nikainua kichwa. Ulikuwa umetoka, mzima,
juu ya mawe ya mlimani, mweupe kama sahani iliyooshwa,
na ziwani hakuna taa hata moja.
Kijana akatoka na funguo, akasubiri.
Nikajidai mia tano yangu.
Nikapekua kibindoni, nikapekua mkoba.
Nikajiambia, tutaonana.