Nyongeza

Kibanda chetu sokoni, mlango ule wa pili,
huko huko Mgandini, kando ya wa pilipili,
miaka kumi mezani, mchele wa kila hali,
mizani ya minyororo, kutu, lakini yaweza.

Shekigenda, wetu bwana, mashine katuletea,
ya namba, yang'aa sana, kwa jua yajichajia,
kasema, "Shika, Zaina, dunia yatukimbia,
kayatupe mawe hayo, watoto wapate cheza."

Akaja fundi wa simu, wa barabara ya nane,
kabonyeza kwa nidhamu, kitufe nisikione,
mia tisa tu za gramu, zikawa kilo, na nene!
"Biashara ni hesabu," asema akipunguza.

Sikusema neno lile, la kusema nilijua:
nina mtoto wa shule, ada yake yasumbua,
na chumba mtaa ule, wa Chuda, chavuja mvua.
Ukweli haulipiwi, ulimi nikaumeza.

Mama Mhina wa kwanza, kilo mbili akataka,
vitumbua huvianza, usiku haujatoka.
Kioo kikamfunza: "mbili", namba zikawaka.
Mfuko kaufungua, "Mwanangu, hebu ongeza."

Ndiyo desturi ya huku, tangu kwa bibi na babu,
mnunuzi kila siku, huomba bila aibu,
konzi, si ya kwenye buku, wala haina hesabu,
ndiyo salamu ya mwisho, mteja humtuliza.

Nikachota konzi moja, nikatia, kisha tena;
mkono wangu wangoja, wajua uzito sana.
Mia mbili, si kioja, ndiyo pengo lake bwana:
ilichokata mashine, kiganja kikarejeza.

Akanishukuru kwacho, kilicho chake mwenyewe!
"Una roho, si kijicho, Zaina, ubarikiwe!"
Nikajibu kwa kificho, "Amina, nawe upewe."
Dua yake mwenye haki, masikio yaunguza.

Shekigenda afurahi, foleni hadi njiani,
asema kila subuhi, "Maendeleo sokoni!"
Hajui mbona huwahi, gunia kwisha ghalani.
Sifa ananimwagia, ujira hajaongeza.

Ila wapo wasosema: watoto wanaotumwa,
na mgeni mwema mwema, asojua la kusemwa;
nikichoka, nikihema, haki yao watanyimwa.
Wema wangu ni wa siri, siri nayo hupunguza.

Yale mawe sikutupa, yapo chini ya gunia.
Jioni wakishanipa, funguo za kufungia,
hupima "kilo" ya hapa, jiwe huielemea:
chuma hakina kitufe, hakuna wa kubonyeza.

Nawe, msomaji wangu, mizani za beti pima:
kumi na sita ni zangu, kila mstari mzima;
huu wa mwisho, mwenzangu, kitufe kimeuuma:
hesabu, kisha fungua, mfuko —

nitaongeza.