Upana wa Uzi

Kila Jumatano ikisha laasiri nafunga komeo la chumba cha uani,
naegemeza simu kwenye kopo la chumvi, pale dirishani,
ndipo pekee hapa Utaani mtandao unapokamata.
Mkwe wangu hunitia bando.
Hajui la nini. Anadhani nasikiliza darsa.

Basi ni darsa.

Ruzuna yuko Unguja, ana sauti ya mtu aliyekwisha kula,
nyuma yake ukuta mweupe na kalenda ya mwaka jana.
Siku ya kwanza alitufundisha kwa nyanya:
aliikata nusu, akaiweka juu ya mto, akasema,
"Hili ndilo tundu lenu. Likiwa jekundu, lenye unyevu, lina afya.
Liogopeni likigeuka rangi ya biringani."
Sote watano kimya.
Mzee Shehe wa Tumbe akauliza, "Na nyanya tutakula tena?"
Tukacheka, kila mtu kwenye kisanduku chake,
sisi tuliokwisha sahau
kwamba tumbo hushikwa pia kwa kicheko.

Mie miaka thelathini na minne nashona kofia.
Kiua ni tundu: unatoboa kitambaa kwa makusudi,
kisha unazungusha uzi mpaka ukingo usifumuke.
Nimetoboa mangapi? Waulizwe mabwana harusi wa Wete.
Walipouondoa uvimbe kule Dar es Salaam,
utumbo wakautoa nje, kushoto, chini ya kitovu,
daktari alisema, "Umepona, mama. Hili ni la kudumu,"
akanipa mifuko kumi na karatasi ya Kiingereza.
Nikarudi kwa boti, kanga mbili tumboni,
kama mwizi aliyeficha kuku.

Ilivuja. Ilivuja usiku,
ilivuja kwenye mkeka wa msiba.
Nikaacha kwenda watu. Nikasingizia miguu.

"Pima kabla ya kukata," asema Ruzuna, "tundu linanywea."
Milimita thelathini na sita. Thelathini na mbili. Wiki hii thelathini.
Maji ya uvuguvugu. Kausha kwa kugusagusa, usisugue.
"Duara lizidi tundu kidogo tu, kama upana wa uzi."
"Uzi wa namba ngapi?" nikauliza.
Akanyamaza. "Hilo, Bi Kazija, unalijua wewe."

La udhu niliuliza kwa sauti ndogo.
Akasema yeye muuguzi, si mwanachuoni.
Mzee Shehe akadakia: mwenye udhuru hutawadha kila kipindi,
husali, na aliyempa anajua alichompa.

Wiki ya nne mtandao ukakatika, mfuko nimeshauvua,
uso wa Ruzuna umeganda mdomo wazi
kama anayetafuta chafya.
Nikaona hapa hapana wa kuniokoa.
Nikakata, kwa mkasi wangu mdogo uliopinda ncha, ule wa viua.
Nikabandika, nikaweka kiganja juu,
subhanallah thelathini na tatu,
gundi ipate joto la mkono.
Aliporudi nimeshavaa.
"Tulifika wapi?" akauliza.
Nikamwambia, "Mbele."

Juzi nilikwenda khitma. Katikati ya dua,
watu kimya, tumbo langu likanguruma lenyewe.
Mjukuu wangu Yumna akageuka: "Bibi, paka!"
"Paka," nikasema. "Mpole, kakaa."

Na usiku ule nikatoa bafta nyeupe, nikashona kifuniko cha mfuko,
viua vidogo safu tatu, kazi ya siku tisa.
Hakuna atakayekiona. Sikuruka hata kimoja.

Jumatano nikakiinua mbele ya simu.
Ruzuna akauliza bei.
Mzee Shehe akasema chake kiwe cheusi,
kisichoshika madoa ya nyanya.