Kona ya Bluu

Kengele ya shule ikilia saa nne, baba husimama.
Hata kama ana kikombe cha mtori mkononi,
hata kama suruali imefungwa nusu,
husimama, kidevu kifuani, ngumi juu,
akalikazia macho kabati la vyombo
kama linamdai.

Mama siku hizi hashtuki.
Huvuta stuli ya plastiki, ile ya bluu
aliyoipata Kiboriloni kwa elfu nne baada ya kubishana sana,
huiweka pembeni mwa kochi,
humgusa bega mara mbili. "Kaa. Dakika moja."
Baba hukaa. Husukutua, hutema kwenye beseni,
hufutwa uso kwa taulo.
"Raundi ya ngapi?"
"Pumzika kwanza, Ndekirwa. Uko vizuri."

Hakuna aliyemfundisha. Mama ni mshonaji wa sare za shule.
Hakuwahi kukanyaga ukumbini hata mara moja.

Watu husahau hili: usiku ule alishinda.
Majaji wote watatu.
Yule kijana wa Unga Limited ndiye aliyetoka ameshikiliwa.
Baba alitembea mwenyewe hadi chumba cha kubadilishia,
akaagiza chipsi mayai,
akafungua kamba za kiatu cha kushoto.
Cha kulia hakukifikia.
Nilikivua mimi, KCMC, alfajiri,
nesi akininong'oneza nisivute kwa nguvu.

Promota alikuja na kreti mbili za soda,
laki mbili kwenye bahasha, na mpiga picha.
Laki mbili hazikuvuka wiki.
Kreti alizifuata mwenyewe.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga:
"Damu ilivia hapa," na kalamu yake ikafuata
weupe uliopinda ndani ya fuvu
kama ndizi mshare.
Tangu siku hiyo, jikoni, mimi humenya viazi.

Ulingoni refa huhesabu kupanda.
Zahanati huhesabisha kushuka:
kumi, tisa, nane, saba,
na kwenye saba baba hukwama, hurudi nane,
kama mtu aliyeacha funguo ndani.
Hutoka jasho. Ni mtu aliyeruka kamba
kutoka Pasua hadi njia panda ya Himo, kwa dau la soda.

Kuna siku nyingine, sizielezi zote.
Mlango wa friji una bonde la ukubwa wa ngumi.
Aliiomba friji msamaha, akaipapasa.
Mama hakuombwa.
Mdogo wangu Eliufoo amehamia kwa shangazi Machame
na madaftari yake; anasema ni kwa sababu ya umeme.
Jumamosi hurudi, huketi na baba barazani,
na mawingu yakijitenga baba huuliza,
"Nani kauweka mlima pale?"
"Manispaa," Eliufoo humjibu.
Wote wawili hucheka, na mimi ndani
huwaonea wivu.

Jioni ni swali moja tu.
"Nilishinda?"
"Ulishinda."
"Kwa pointi?"
"Kwa pointi, baba."
Uso wake hufunguka upande wa kulia,
wa kushoto hufuata, umechelewa kidogo.
Ndiyo habari pekee njema nyumbani kwetu,
na kila siku humfikia mbichi.

Ila jana mama alikuwa na sare ishirini za kukabidhi
na mkopo wa VICOBA wa kupeleka asubuhi.
Baba aliuliza. Mimi nilifungua mdomo,
mama akanyoosha kidole bila kuinua macho.
Cherehani ikanyamaza.
"Ngoja," akasema. "Bado wanajumlisha."

Baba akaitikia kwa kichwa.
Akajipeleka mwenyewe kwenye stuli ya bluu,
akaweka mikono magotini, akangoja
kwa adabu, kama mgeni.
Mama akamtazama kwa muda mrefu.
Kisha akakata uzi kwa meno,
akachukua shati lingine.