Miraba Sita ya Damu ya Mzee

Rimvydas, ukuta wa jikoni unaila picha yako.
Unyevu umepanda kutoka sakafuni
kama mto ulivyopanda mwaka ule ulioichora,
rangi zinajikunja, zinabanduka,
zinadondokea jiko nikipika supu ya kabichi.
Jana nimeopoa kipande cha anga
ndani ya sufuria.

Basi nimeamua kuifuma.

Binti yako Ugnė alikuja na simu yake,
akaipiga picha, akailisha kompyuta,
na kompyuta ikaikatakata kama mboga:
miraba mia mbili arobaini kwenda,
mia moja themanini kushuka,
rangi tisini na moja.
Kurasa ishirini na nne za alama,
nyota, mshale, jani, duara, duara lenye tundu.
Hiyo ndiyo gharika yetu, ndugu yangu.
Nilivaa miwani nikacheka peke yangu.

Dukani kwa Zita, kule Klaipėda, nikaweka orodha mezani.
Akahesabu, akanitazama, akahesabu tena.
"Kijivu kumi na nne, Danguolė? Unafuma nini, vita?"
Nikamwambia: maji.
Wewe ulijua maji hayana rangi moja.
Kuna kijivu cha jivu na kijivu cha njiwa,
kijivu cha bati lililonyeshewa,
kuna samawati iliyojuta,
na ile rangi ya maji ya kunde chini ya mashua
walipomvusha ng'ombe wa Elzė,
macho yamemtoka, pembe zimefungwa kamba.
Ng'ombe huyo peke yake kanilia Novemba nzima.

Ninafuma usiku, taa imening'inia shingoni.
Uzi huu ulale hivi, wa pili uupande mgongoni,
msalaba, msalaba, msalaba,
kama makaburi ya kijiji kizima
yasiyo na mtu ndani.
Ukiruka tundu moja tu
paa la kanisa linahamia mtoni,
na kufumua ni kazi ndefu kuliko kufuma.
Wanasema haba na haba hujaza kibaba.
Hapa haba imejaza bonde zima
na bado sijafika chini.

Mstari wa mia moja thelathini na moja,
ukurasa wa kumi na saba,
nikakuta alama nisiyoiona kwingine kokote:
pembetatu nyeusi.
Miraba sita. Rangi, damu ya mzee.
Imo ndani ya dirisha la nyumba yetu,
dirisha ambalo miaka thelathini nimelipangusa vumbi
nikiliona tupu.

Ugnė akasema kwenye simu, "Ni kosa la mashine, shangazi.
Takataka hiyo. Jaza kahawia, nani atajua?"

Nikapanda juu ya kiti
na lenzi ninayosomea vibandiko vya dawa,
nikasogeza pua hadi kwenye mafuta yaliyokauka.
Brashi ya unywele mmoja. Pigo, na pigo jingine dogo.
Kitambaa cha kichwa. Kile cha Mama,
cha Jumapili, alichozikwa nacho
siku ambayo hukuja,
wewe uliyesema huna mama,
uliyeapa hata ukiichora nyumba ile
utaichora bila mtu.

Kumbe ulimweka.
Mdogo kuliko punje ya shayiri,
pale asipoweza kuonwa na yeyote
ila mjinga anayehesabu.

Uzi wa rangi hiyo wanauza kwa mita nane.
Nimetumia shubiri moja.
Uliobaki sikuukata. Fundi yeyote angenikaripia,
lakini nimeuacha uning'inie nyuma ya kitambaa,
urefu wake wote, unisubiri
nifike kule pembeni, chini,
ulikotia jina lako.

Zimebaki kurasa saba. Maji matupu.
Leo redio imesema mto umevimba tena,
barabara ya Rusnė imefungwa, watu wasitoke.
Nitoke niende wapi?
Kuni ninazo. Kijivu ninacho, cha aina kumi na nne.
Moja, mbili, tatu,
usinisemeshe sasa, utanipotezea hesabu.