Saa Moja Kabla ya Kahawa

Ibra, mwezi wa sita, na mimi nasikia baridi.
Nje chuma cha geti hakishikiki,
ndani nimejifunga blanketi la sufi,
Mundhir ananidai rimoti ya kiyoyozi,
jasho linamchuruzika puani:
"Mke wangu, umeolewa na mimi au na jiko?"

Ndivyo yalivyonianza, mwaka juzi.
Nywele zikabaki kwenye chanuo mafungu mafungu,
sauti ikakwaruza, usingizi ukaniangusha mchana,
na maneno nyuma ya mlango: mvivu huyu.
Kisha kichupa cha damu, na Daktari Bushra
akanigusa chini ya koromeo kwa vidole viwili:
"Tezi yako imelala. Tutaiamsha polepole."

Kidonge kimoja. Cheupe,
kidogo kuliko punje ya komamanga.
Kila alfajiri, tumbo tupu, maji matupu,
halafu saa nzima bila kitu: si tende,
si maziwa, si kahawa.

Hasa si kahawa.

Na nani asiyekunywa kahawa nyumba hii?
Bi Shinuna, mavyaa wangu, huamka kabla ya muadhini,
hutwanga iliki, na harufu hufika mlangoni kwangu
ikabisha hodi kabla yake.
Miaka miwili namwambia ni kiungulia.
Kidonge nakificha ndani ya kijaluba cha udi.

Sasa kuna mistari miwili
kwenye kijiti nilichokifukia chini ya taulo.
Nilimpigia daktari kabla sijamwambia Mundhir.
Akanipandisha siku ile ile,
mikrogramu hamsini hadi sabini na tano:
"Usingoje miadi. Huyo bado hana tezi yake,
wiki hizi za mwanzo anakopa kwako."

Anakopa kwangu!
Mimi ambaye mwenyewe nakopa kwenye paketi.

Wiki ya sita. Ya saba. Nahesabu kama mwenye deni.
Vidonge vya chuma ni mchana, masaa manne mbali,
kama wake wenza, visikutane mlangoni.
Kila baada ya wiki nne, sindano: nesi Lissy
anapapasa mshipa huku akiimba kwa pua,
na namba inashuka, alhamdulillahi, inashuka,
na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki
nafurahia kushuka.

Jumanne mavyaa aliingia na sinia bila kubisha.
Kijaluba kiko wazi, paketi mkononi mwangu.
Nikangoja mvua ya maneno.
Akaketi kitandani, akaishika paketi mbali na macho,
miwani yake ikiwa jikoni. "Ya nini hii?"
Mficha uchi hazai, nikajiambia, nikasema:
ya shingo, mama. Na sasa ya tumbo pia.

Akanyamaza. Kahawa ikapoa.
"Kabla ya Mundhir zilitoka tatu," akasema.
"Hata majina nilikuwa sijayafikiri.
Na mimi nilikuwa nasikia baridi, mwanangu.
Jiko la makaa miguuni, mwezi kama huu, wakinicheka.
Hiki, siku zile, kilikuwepo?"

Sikujua. Nikamwambia sijui,
na pengine yake yalikuwa mengine kabisa.
Akaninyooshea mkono shingoni, pale pale,
akapapasa taratibu
kama anayetafuta kipini kilichodondoka kwenye zulia.

Leo alfajiri birika limefunikwa kitambaa,
vikombe vimefudikizwa juu ya sinia.
Amekaa ukingoni mwa kitanda
na saa ya marehemu mumewe kiganjani.
"Tayari?"
"Bado dakika kumi na tano, mama."

Iliki imejaa chumba kizima.
Hajamimina, hata chake.