Kibla cha Angani

Alhamisi baada ya isha, mtaa wa Shela, Malindi,
fundi Badi huitoa runinga barazani
kama mtu amtoaye bwana harusi:
kwanza kitambaa cha kufuma, kisha vumbi,
kisha waya mbili kwenye betri ya lori,
na sisi mkekani, miguu imekunjwa kama chuoni.

Chenga kwanza. Mchele wa mwanga, pishi kwa pishi,
hadi antena igeuzwe kuelekea Mombasa
na merikebu ya bati itoke gizani.
Niliuona uzi ulioishikilia, naapa,
uzi mweusi mgongoni mwake.
Nani angethubutu kusema?

Nahodha mwenye nywele zisizopepea.
Daktari wa shaba, asiyekula wala kulala.
Na vijana watatu wasio na majina
washukao kwenye sayari ya karatasi
ili mmoja wao afe kabla ya taarifa ya habari.

Kila wiki alikufa mmoja.
Kila wiki shangazi Mwanamkuu,
leso imefika mdomoni, alisema
inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,
akavuta punje moja ya tasbihi.
"Shangazi, yule anaigiza."
"Najua. Wewe wamjua mamake?"

Maalim Famau hakuja kutazama. Alipita tu.
Alipita mara nne.
Mara ya tano akauliza, angali njiani:
"Watu wote hawa, nani huwaadhinia?
Magharibi yao saa ngapi, na jua li nyuma yao?
Na kibla?"
Akavua viatu ili ajijibu vizuri.
"Makka iko duniani, na dunia ni nukta ile pale.
Basi kibla ni nukta nzima.
Huko mbali Malindi yote imo ndani ya kibla,
hata duka la Badi. Hata madeni yake."

Charo, mtumishi wa misa, alitaka kujua
kama daktari wa shaba aweza kubatizwa.
Nyanyake, aliyekuja kuuza maembe mabichi, akacheka:
vile viumbe vya mwanga ni koma wenye kiu,
wamwagieni mnazi, watawaacha mpite.
Maalim alikohoa kikohozi kirefu
kilichofika hadi kwenye tangazo la sabuni.

Mwaka huohuo roketi ya kweli ilipanda Ngomeni.
Madirisha yakatetemeka, kuku wakaacha mayai.
Tukatoka, tukaona moshi uliosimama wima kama alifu.
"Ina watu?" akauliza shangazi.
"Haina."
"Basi naiende."
Akarudi kuchambua wali.

Kisha ule usiku.
Merikebu imefika nyota zinapokwisha, mbele ni weusi mtupu,
na daktari wa shaba, aliyeundwa asiulize,
akaweka chini vyombo vyake, akamuuliza nahodha:
"Ya kwanza aliiwasha nani?"

Nahodha akafungua mdomo.
Betri ikafa.

Badi aliipiga runinga kofi, la pili, la tatu.
Nukta nyeupe ikabaki katikati ya kioo,
ikawa ndogo,
ndogo,
na Maalim, bila kujua, alikuwa ameinuka akaielekea.

Wiki iliyofuata walituonyesha ukulima wa pamba.
Tulibishana mwaka mzima nahodha alisema nini.
Charo na Maalim waliafikiana mara moja tu,
wakaogopa, wakaacha.

Sasa Zuhra, binti wa dada yangu, ameipata simuni.
Merikebu yote inaenea kiganjani, na uzi waonekana wazi.
Nimemsikia nahodha. Alisema kitu kidogo,
cha mzaha, wenzake wakacheka, wakageuza chombo.
Nilikaa nikiangalia ukuta.

Halafu nikarudisha nyuma, dakika ya tisa,
kwa yule kijana aangukaye nyuma ya jabali la karatasi.
Majina yalipopita nilimngojea.
Aliandikwa: Baharia wa Pili.
Maneno yakanitoka, kwa sauti.

"Mjomba," akasema Zuhra, "yule anaigiza."
Najua, nikasema,
mkono mfukoni, natafuta punje.