Kumi kwa Kumi

Walitupitisha pamba shavuni, mimi na kaka yangu Wincenty,
kila mmoja na siku yake, tusije tukakutana mlangoni.
Maabara haikuuliza nani alianza.
Ilirudisha jibu moja: kumi kwa kumi.
Sisi, tusiopatana hata juu ya chumvi ya supu.

Miaka sita ya kimya, kisa cherehani ya baba,
ile nzito ya kushonea viatu,
ambayo yeye hajui kuiendesha, wala mimi.
Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime:
hapa Łódź watu walilima, wakavuna, wakasahau,
sisi bado tumenuniana.

Sikusamehe. Liandikwe hivyo.
Nilitia sahihi kwa kalamu ya daktari
kama mtu anayelipa bili ya maji.

Jumanne wakanipa usingizi, wakanilaza kifudifudi,
wakatoboa mfupa wa nyonga, hapa na hapa na hapa,
wakafyonza uboho,
kitu kile kile alichokitoa baba Jumapili
kwa kugonga mfupa wa ng'ombe kwenye sahani,
akatupakia juu ya mkate, nusu kwa nusu,
na Wincenty kila mara akalia kwamba nusu yake ni ndogo.

Safari hii hukulalamika.

Mfuko mmoja, mwekundu, mzito.
Muuguzi Bogumiła aliupitisha ukumbini
kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa pomoni.
Nilikuona kupitia kioo:
kichwa kama yai, midomo imebabuka,
mate yenyewe unayameza kama misumari.
Siku ya sifuri, aliandika ukutani.

Mimi ni dereva wa tramu, kungoja ndiyo kazi yangu.
Siku ya tano, chembe nyeupe: sifuri.
Siku ya tisa: sifuri, na homa.
Siku ya kumi na mbili walinipigia usiku, njoo,
nikavaa viatu,
wakapiga tena, usije, imeshuka,
nikakaa na viatu mguuni mpaka kukakucha.
Siku ya kumi na nane: sifuri nukta moja.
Bogumiła aliizungushia duara ile moja,
akaingia stoo ya mashuka, akatoka macho mekundu,
akasema ni dawa ya kuoshea sakafu.

Nyonga iliniuma wiki mbili.
Kila nilipokanyaga breki nilisema moyoni:
huyo ni Wincenty, bado ana vurugu.

Wanasema hata kundi lako la damu limehama,
limeacha O, limekuja kwangu kwenye A.
Ukiiba mahali ukadondosha tone,
polisi watagonga mlango wangu.

Cherehani hatujaizungumzia.
Ila jana, theluji ikiyeyuka juu ya reli,
nikiwa kituo cha mwisho, tramu tupu,
simu ikalia. Ni wewe.
Hukusema asante, na mimi sikuitaka.
Ulisema kwa hasira ile ile ya mezani:
"Jagna, umenifanya nini? Nikimbeba paka wangu,
napiga chafya."

Tangu utotoni sishiki paka, unajua.
Macho huvimba, pua hufurika.
Mwaka ule ulimficha mmoja chini ya kitanda changu kusudi.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma.
Wewe ukapiga chafya.
"Afya," nikasema, kabla sijajizuia,
kitu cha kwanza nilichokupa bila kujaza fomu.

"Paka haondoki," ukasema.
Ukakata simu.